Tuiache Chai Ipoe

Ukiingia nyumba yoyote kati ya Litein na Sotik, huku kwetu Kericho na Bomet, kabla hujamaliza kuitikia salamu chai imeshamiminwa. Inatoka kwenye thamosi iliyojazwa alfajiri, na wema wake hupimwa kwa mvuke. Chai isiyofuka huhesabiwa kuwa dharau kwa mgeni. Mama wa nyumba akigundua imepoa ataomba radhi, atamtuma mtoto jikoni, na sufuria itarudi mekoni hata kama mgeni ameshasema kwamba hiyohiyo yatosha. Mimi ni mzaliwa wa huku na nimelelewa kwa chai hiyo. Ninaandika kuwaomba watu wa nyumbani jambo moja: tuendelee kuinywa, lakini tuache kuinywa ikiwa moto wa kuunguza.

Wanaojua kwa nini nasema hivi ni wale waliowahi kumsindikiza mgonjwa Tenwek. Hospitali hii ya kimisheni, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwenye vilima vya Bomet, imekuwa kwa miongo mingi mahali familia zetu zinapowapeleka watu wasioweza kumeza. Mwanzo nyama hukwama. Kisha ugali. Mgonjwa huanza kutafuna kwa muda mrefu kuliko wenzake, halafu hukimbilia viazi vya kupondwa na uji, na watu wa nyumbani husema tu kwamba siku hizi hapendi kula. Wengi wanapofika hospitali hata uji haushuki, wamekonda, na ugonjwa umeshasambaa. Lililobaki mara nyingi ni daktari kuingiza mrija wa wavu wa chuma ndani ya umio na kuupanua, ili mtu aweze angalau kumeza vyakula laini kwa muda aliobakiza. Hiyo ndiyo saratani ya umio, ambayo wengi wetu huiita kansa ya koo.

Kwingi duniani huu ni ugonjwa wa watu waliovuka miaka sitini. Kwetu haungoji. Mwaka 2010 madaktari na watafiti walichapisha taarifa juu ya wagonjwa 109 waliotibiwa Tenwek wakiwa na umri wa miaka 30 au chini yake. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Mwaka 2016 ikachapishwa kazi nyingine iliyofanywa Bomet, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi. Safari hii watafiti hawakuwaendea wagonjwa. Waliwaalika watu wazima 305 wasio na tatizo lolote la kumeza, wakawaingiza kamera kooni, wakapaka umio rangi ya iodini inayoonyesha seli zilizoharibika, wakachukua vipande vidogo vya kupima. Asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kugeuka. Ni karibu mtu mmoja katika kila saba, na wote walikuwa wametoka nyumbani wakijiona wazima. Si kila seli iliyogeuka hufika kuwa saratani, na wengi wao huenda wasiugue kamwe. Hata hivyo, ukihesabu walioketi mezani siku ya harusi au kwenye kikao cha chama cha kina mama, hesabu hiyo haikuachi ukae kimya.

Bomet haiko peke yake. Ukifuata upande wa mashariki wa bara hili, kuanzia Ethiopia, ukapitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, unakuta maeneo mengi yenye saratani hii kwa wingi, ilhali upande wa magharibi wa Afrika ni nadra. Wataalamu hawajaafikiana kwa nini iko hivyo. Pombe imo, hasa chang'aa. Tumbaku imo. Moshi wa jiko la kuni lililo ndani ya nyumba umetajwa, meno yaliyooza yametajwa, lishe isiyo na matunda na mboga za kutosha imetajwa, na zipo familia ambazo ugonjwa huu hurudi kizazi baada ya kizazi kana kwamba wamerithishana. Anayekuambia kwamba chanzo ni kimoja anakudanganya. Lakini katika orodha hiyo yote lipo jambo moja ambalo halihitaji pesa, halihitaji serikali, na halihitaji mtu kuacha kitu anachokipenda. Linahitaji subira ya dakika chache.

Juni 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto sana, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Halikusema chai. Halikusema kahawa. Katika tathmini hiyohiyo kahawa iliondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Lililobaki kushukiwa ni joto lenyewe, kwa kuwa ngozi laini ya ndani ya umio ikiunguzwa kila siku hulazimika kujiponya kila siku, na kadiri seli zinavyozaliwa upya mara nyingi ndivyo nafasi ya kukosea inavyoongezeka. Ukiwa na pombe au moshi juu ya kidonda hicho, mambo huwa mabaya zaidi.

Ushahidi mzito ulikuja kutoka Golestan, mkoa wa kaskazini mwa Iran, ambako watu hunywa chai nyingi kama sisi, wengi wao hawaonji pombe wala hawavuti sigara, lakini saratani ya umio imewaandama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliokunywa chai yenye nyuzi 70 au zaidi walikuwa na hatari takriban mara nane ya wale walioinywa ikiwa vuguvugu. Kuna kipimo kingine katika utafiti huo ambacho ningependa kiandikwe ukutani katika kila jiko la Kericho. Walioinywa chai kabla ya dakika mbili kupita tangu kumiminwa walikuwa na hatari mara tano hivi ya wale waliosubiri dakika nne au zaidi. Dakika nne! Hazimalizi hata habari za asubuhi redioni.

Wapo watakaosema Iran ni mbali. Basi twende Eldoret. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo, wote wakiwa wa magharibi mwa Kenya, wakiwemo Wakalenjin wengi. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2019, yalionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vikiwa moto sana walikuwa na hatari mara 3.7 ya wanaokunywa vuguvugu. Na kule Kilimanjaro, watafiti walipoketi na wakulima na kupima joto la chai pale tu mtu anapoanza kunywa, wastani ulipita nyuzi 70. Hawa ni majirani zetu: mlima kama wetu, baridi kama yetu, chai ya maziwa kama yetu.

Tukumbuke tunaishi wapi. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100. Mtu anaweza kudhani hilo latusaidia. Halitusaidii, kwa sababu sisi hatumimini maji juu ya majani na kungoja, kama wafanyavyo Waingereza. Chai yetu hupikwa. Maji na maziwa huingia sufuria moja, majani hutiwa, sukari hutiwa, na kila kitu huchemka pamoja hadi kifure na kutaka kumwagika. Kisha hukimbizwa kwenye thamosi ikiwa bado inatokota. Thamosi nzuri kazi yake ni moja, nayo huifanya vizuri mno: chai iliyofungiwa humo saa kumi na mbili asubuhi, ukiifungua kwa chai ya saa nne, bado inaunguza. Utando wa mafuta ya maziwa hukaa juu ya kikombe na kuzuia joto lisitoke. Turungi hupoa upesi. Chai ya maziwa mazito, ile tunayojivunia, hukaa na moto wake.

Baridi ndiyo jibu la kwanza utakalopewa ukiuliza kwa nini tunainywa hivyo. Ni kweli. Asubuhi za Julai mjini Kericho si mchezo, na mvua ya alasiri huja karibu kila siku. Heshima ndiyo jibu la pili, na nimeshalitaja. Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote haisemwi sana, nayo ni haraka.

Mtazame mchuma chai. Anaingia shambani umande ukiwa bado kwenye majani, amevaa aproni ya plastiki, kapu mgongoni, nguo zimelowa hadi kiunoni kabla jua halijatoka. Analipwa kwa kilo. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kapu lijae. Chai ya mapumziko inapofika, kila dakika anayokaa na kikombe mkononi ni majani ambayo hakuyachuma. Kwa hiyo hunywa mikupuo mitatu minne, anafuta mdomo, anarudi kwenye mstari wake. Mkulima mdogo hali yake si tofauti sana: lori la kiwanda likikaribia kituo cha kupimia majani, hakuna anayengoja kikombe kipoe. Mwanafunzi amechelewa. Dereva wa bodaboda ana abiria. Watu wanaoitoa chai ardhini ndio wanaoinywa kwa hofu ya saa kuliko wote, na kwa miaka wameuzoesha ulimi wao usisikie. Nimeona wazee wanaomimina kikombe na kukimaliza huku mimi nikishindwa hata kukishika. Tulikuwa tukiwasifu. Tulisema ni wanaume.

Ndiyo maana siwezi kuwaachia kina mama peke yao jambo hili, kama tunavyozoea kufanya kila tunapozungumzia lishe ya nyumbani. Mashamba makubwa ya Kericho, yaliyopandwa tangu miaka ya 1920 na kampuni za Kiingereza na ambayo sasa yamebadilisha wenyewe, yana wafanyakazi kwa maelfu. Meneja anayetaka kuokoa maisha ya watu wake anaweza kuanza na jambo dogo sana: chai ya shambani imiminwe kwenye vikombe kabla kengele ya mapumziko haijalia, na mapumziko yenyewe yarefushwe bila kukata malipo. Vyama vya wafanyakazi vimepigania mshahara, vimepigania nyumba, na sasa vinapigana na mashine za kuchuma. Ningependa viongeze dakika hizi kwenye madai yao.

Nyumbani nako hatuanzi na ujinga. Kila mama wa huku anajua kupoza chai. Anapomnywesha mtoto huchukua vikombe viwili na kumimina kutoka hiki kwenda kile, akiinua mkono juu ili chai ipite kwenye hewa, kisha anaonja kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kumpa. Kogo wangu, yaani bibi yangu, alifanya hivyo kwa wajukuu wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka. Tunaujua ufundi, tunao vikombe, tunajua sababu: mtoto ataungua. Ninachouliza ni kwa nini tunamwondolea mtu ulinzi huo pindi anapokuwa mkubwa. Umio wa mtu mzima umetengenezwa kwa nyama ileile.

Wengine watauliza juu ya mursik, na sitaliruka swali hilo. Mursik ni maziwa yetu ya heshima. Huchachuliwa ndani ya sotet, kibuyu kilichosafishwa kwa kijiti cha sosiot na kupakwa mkaa wa mti wa senetwet. Ndiyo tunayowanywesha wanariadha wetu wakishuka ndege na medali. Mwaka 2013 watafiti kutoka Finland walichapisha vipimo vya mursik kutoka Kenya na kukuta katika baadhi ya sampuli pombe kidogo pamoja na asetaldehidi, kemikali ileile ambayo mwili hutengeneza mtu anapokunywa pombe, na ambayo inajulikana kuhusika na saratani ya umio. Kwa maoni yangu hilo halitoshi kuivunja sotet. Linatosha kutufanya tuinywe mursik kwa kiasi, ikiwa haijakaa mno, na kudai watafiti wetu wenyewe waipime zaidi, kibuyu kwa kibuyu. Ila tuangalie pia jambo hili: kinywaji cha mababu zetu kilikuwa kikinywewa kikiwa baridi. Walikaa kwenye vilima hivihivi, wakaswaga ng'ombe kwenye mvua hiihii, na jioni wakanywa maziwa baridi kutoka kibuyuni. Chai ya kuunguza haina hata miaka mia moja katika nyumba zetu nyingi za Kipsigis. Anayeniambia kwamba ni mila, namwomba amuulize mzee wake ni lini thamosi ya kwanza iliingia nyumbani kwao.

Ukishaipa chai nafasi ya kupoa, utaona pia inachofanya mezani. Katika nyumba nyingi huku chai haifuatani na chakula, chai ndiyo chakula: kikombe na mkate asubuhi, kikombe na kiazi kitamu saa nne, kikombe tena na ugali wa jana ukipashwa moto. Vitu vilivyomo ndani ya majani ya chai hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka, na kuyazuia yasiingie mwilini; kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu. Kwa mwanamume mwenye afya si kitu kikubwa. Kwa mjamzito ni kitu kikubwa sana, katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya wajawazito wana upungufu wa damu. Isagek na isoik, yaani mgagani na mnavu, zinamea nyuma ya nyumba zetu karibu bure, nazo ni hazina. Tunazichuma, tunazichemsha kwa ustadi, tunazitia maziwa zilainike, halafu tunazimwagia chai juu yake tumboni. Chai ikisogezwa saa moja mbele ya mlo au nyuma yake, mboga itafanya kazi yake. Pera moja baada ya chakula litaisaidia zaidi, na mapera huku huozea chini ya miti.

Asubuhi mtoto anywe uji wa wimbi. Wimbi lilikuwa nafaka yetu kabla ya mahindi na kabla ya chai kumeza mashamba, na bado linapatikana kila soko, kuanzia Kapkatet hadi Longisa. Na sukari itoke kwenye sufuria ikae mezani, kila mtu ajipimie. Ikipikwa ndani ya chai, babu mwenye kisukari na kijana anayecheza mpira wanalazimishwa kunywa utamu mmoja.

Nirudi kwenye joto, maana hilo ndilo lililonifanya niandike.

Sehemu kubwa ya chai yetu huuzwa mnadani Mombasa na kupakiwa kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Inayobaki nchini ni kidogo, lakini karibu yote hufika madukani ikiwa ndani ya pakiti yenye maandishi: jina, uzito, tarehe, jinsi ya kuandaa. Pakiti hutuambia tuchemshe. Hainijii akilini pakiti iliyowahi kutuambia tungoje. Bodi ya Chai ya Kenya, iliyorudishwa kwa Sheria ya Chai ya mwaka 2020, ina mamlaka juu ya sekta hii yote. Viwanda vya wakulima ni vyetu, tuna hisa, tunachagua wakurugenzi na tunagombana nao kila mwaka juu ya bonasi. Katika mkutano ujao wa wenyehisa, mkulima mmoja ainuke na kuomba mstari mmoja uongezwe kwenye pakiti: subiri dakika tano kabla ya kunywa. Hautapunguza hata kilo moja ya mauzo. Mnywaji aliye hai hununua chai miaka mingi zaidi.

Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023 na kutumwa nyumba kwa nyumba, tayari hupima shinikizo la damu na kisukari. Nyumba yoyote wanayoingia huku watapewa chai. Nafasi ya kufundisha wamewekewa mkononi. Wakipokea kikombe wakakiweka mezani, wakaeleza kwa nini wanangoja, wakazungumza mengine hadi kipoe, watakuwa wamefanya zaidi ya bango lolote la barabarani. Wachungaji nao wanaotembelea waumini na kumaliza vikombe vitano kwa alasiri moja wanaweza kufanya vivyo hivyo, na wenyeji wakaona kwamba mgeni anayengoja hajadharau nyumba.

Kuna wale ambao maneno haya yanawafikia wakiwa tayari wana shida. Ukihisi chakula kinasita kifuani, ukijikuta unalisukuma kwa maji kila tonge la ugali, ukiona mzee wako ameanza kuepuka nyama bila kusema sababu, usimpe asali na tangawizi na kungoja mwezi upite. Usianze kutafuta aliyemroga. Mpeleke apigwe kamera, Tenwek, Longisa, Kapkatet au popote atakapoandikiwa barua ya kwenda, akiwa bado anameza ugali. Seli zilizogeuka zikionekana mapema zinaweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo, na mtu akarudi nyumbani. Zikigunduliwa siku maji yamekataa kupita, daktari hubaki na ule mrija wa chuma tu.